Jiko, Meko na Mkono wa Mpishi: Chakula cha Nyumbani katika Historia ya Waswahili

Katika mijadala juu ya asili ya Waswahili na lugha yao, jiko limezoea kuitwa mahakamani likatoe ushahidi wa upande mmoja tu. Hutajwa pilau na biriani, sambusa na halua, kahawa na sharbati. Kisha husemwa kwamba, maadamu majina haya yametoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, basi chakula chenyewe ni cha wageni, na utamaduni uliokizaa ni wa wageni vilevile. Orodha hiyo haina uwongo. Kasoro yake ni kwamba ni orodha ya majina ya vitu, tena aghalabu ni vile vitu vinavyopelekwa mbele ya mgeni siku ya karamu. Chakula cha kila siku, kile ambacho mama humpikia mwana, mke humpikia mume, na bibi huwapikia wajukuu, hakikuulizwa neno.

Makala haya yanakusudia kukiuliza. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika kitabu chao Historia ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1977, waliutetea Uafrika wa lugha hii. Nao Derek Nurse na Thomas Spear, mwaka 1985, waliuimarisha utetezi wa namna hiyo kwa kulinganisha sauti na msamiati wa Kiswahili na lugha jirani, Kimijikenda na Kipokomo zikiwamo. Hoja ya ukoo wa lugha kwa hivyo si mpya, na haina haja ya kurudiwa. Kilichobaki ni kuona kama jiko nalo, likichunguzwa kwa njia hiyohiyo ya maneno, linasema yale yanayodhaniwa kwamba linasema.

Ianzwe na jiko lenyewe. Wingi wake wa asili ni meko, wala si majiko, ijapokuwa huo wa pili umeenea siku hizi kwa kutajia majiko ya makaa na ya gesi. Meko imetokana na ma-iko, irabu mbili zikaungana, kama vile jino lilivyopata meno. Neno lililohifadhi wingi wa namna hii halikuingia lugha jana wala juzi. Ndugu zake wametapakaa: Kikuyu kina riiko, na Kizulu, kule mwisho kabisa wa kusini, kina iziko. Mawe matatu yanayobeba chungu huitwa mafiga, au mafya katika baadhi ya lahaja. Na shina lake ni lile lililozaa ihiga la Kikuyu, ambalo maana yake leo ni jiwe lolote. Nyungu hujulikana pwani na bara. Ipo methali isemayo kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Msomaji akiipima neno baada ya neno hataona humo hata moja lililovuka bahari.

Ushahidi wa mpishi ni mzito zaidi. Kitenzi ni pika, na mtendaji wake si mpiki, ni mpishi. Sauti k imegeuka sh mbele ya kiambishi i cha kale, kama cheka ilivyozaa mcheshi na zika ikazaa mazishi. Kwa kanuni ya jamii hiyohiyo iba imezaa mwizi na linda imezaa mlinzi. Kanuni hiyo imekwisha kulala zamani: wasemaji wa leo wakitaka kuunda mtendaji mpya husema mpikaji, na k hubaki mahali pake. Kwa hivyo mpishi ni neno lililoundwa wakati kanuni ingali macho. Watu wa pwani walikuwa na mpishi kabla ya kuwa na pilau.

Lakini ni katika vitenzi ndipo jiko linapofunua siri zake. Hebu zitazamwe kazi za mkono, tangu nafaka iko ghalani hata imefika kinywani. Kutwanga, kupepeta, kuchekecha, kusaga, kuponda, kumenya, kuambua, kuchambua, kupaa samaki, kuroweka na kukanda, kuinjika, ambako wengine husema kuteleka na wengine kubandika, kuchemsha, kutokosa, kuoka, kuchoma, kukaanga, kusonga, kukoroga, kuunga, kuonja, kuipua, kupakua. Vyote hivi vina umbo na tabia ya vitenzi vya Kibantu, na vingi vina ndugu katika lugha za bara. Yako maneno ya mkopo pia, wala haifai kuyaficha: kutayarisha na kusafisha yana asili ya Kiarabu, na kurosti ni ya juzi, kutoka Kiingereza. Lakini tayarisha na safisha ni maneno ya jumla, yafaayo kwa ofisi na safari kama yafaavyo kwa chakula. Hayamwambii mpishi mkono wake ufanye nini.

Mkutano wa jina geni na kitenzi cha nyumbani ndio unaofurahisha zaidi. Chapati imetoka Bara Hindi, lakini unga wake hukandwa na yenyewe husukumwa. Hamira ni neno la Kiarabu, na mahamri yamelifuata. Ila unga uliotiwa hamira hauna budi kuumuka, na kuumuka si kwa Waarabu. Meza ililetwa na Wareno. Mezani chakula huandikwa. (Wahadhiri wanaofundisha insha wangefaa kukumbuka kwamba kuandika ni kupanga vitu kwa taratibu, na kwamba kuandika meza hakukumhitaji mtu ajue kusoma.) Kupakua nako ni kitenzi kimoja bandarini na jikoni: shehena hupakuliwa kutoka chomboni, na wali hupakuliwa kutoka chunguni.

Wali wa nazi unastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndio chakula cha pwani kinachodhaniwa kuwa chepesi, nacho si chepesi. Mchele huchaguliwa mawe, hupepetwa ungoni, huoshwa. Nazi iwe nazi, isiwe dafu, kitale wala koroma, maana kila umri wa tunda una jina lake na kazi yake. Huvunjwa, maji yake hunywewa na mtoto aliye karibu, kisha hukunwa kwa mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma ambacho mpishi hukikalia. Nyama ya nazi hutiwa maji, hukamuliwa kwa mkono au kwa kifumbu kilichosukwa. Tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile, huwekwa kando. Tui la pili, jepesi, ndilo linaloinjikwa na chumvi, likichemka mchele hutiwa. Kasimile hungoja hata mchele umekaribia kuiva, kwani likitangulia hukatika kwa moto mwingi. Ndipo moto wa chini hupunguzwa, chungu hufunikwa, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko, wali ukauke kwa joto la juu na la chini. Chini hubaki ukoko, ambao sehemu nyingine huitwa utandu, na ambao watoto huugombea. Machicha hutupiwa kuku.

Katika maelezo hayo, jambo la kuzingatiwa ni kwamba mnazi ni mmea uliokuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, na mpunga wa Asia vilevile. Malighafi ni za ng'ambo. Hata hivyo kukuna, kukamua, kuchuja, kupalia, tui, machicha, kifumbu na ukoko havikuletwa jahazini pamoja nazo. Waliozipokea mbegu hizo walikuwa na elimu yao ya moto, ya maji na ya kusubiri, wakaitumia.

Neno wali lenyewe lina historia inayostahili makala yake peke yake. Kwa Wagiriama na Waduruma wari ni sima, yaani unga uliosongwa. Kwa Wabemba wa Zambia ubwali ni chakula cha namna hiyohiyo. Kwa Wasukuma ni bugali. Na Kiswahili cha bara kina ugali. Hayo yote ni neno moja katika mavazi mbalimbali. Maana yake ya kale basi haikuwa mchele uliopikwa, ilikuwa ni kile chakula kikuu cha nafaka ambacho mtu asipokila husema kwamba hajala. Mchele ulipokalia kiti hicho pwani, ulirithi na jina la aliyekikalia kabla yake. Nao unga uliosongwa ukabaki na jina la sima.

Kwa bahati njema wachimbaji wa mambo ya kale wamekutana na jambo hilohilo ardhini. Katika kisiwa cha Pemba, uchunguzi wa mbegu zilizoungua na kusalia majivuni umeonyesha kuwa wakaaji wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele, na kwamba mchele ulishika nafasi kubwa baadaye, katika mji jirani wa Chwaka uliostawi kuanzia karne ya 11. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, na katika miji mingine ya kale ya pwani, vigae vilivyo vingi mno ni vya vyombo vilivyofinyangwa papo hapo. Vyombo vya kutoka Ghuba na Uchina vipo, navyo vimepigwa picha nyingi, lakini ni sehemu ndogo ya jumla, tena ni vya kuandalia na kuhifadhia. Lugha imegawa vivyo hivyo: cha kupikia ni chungu, cha kuandalia ni sahani na sinia, maneno ya Kiarabu. Sufuria, ambalo asili yake ni Kiarabu cha shaba ya manjano, liliingia kati ya mafiga na madini yenyewe.

Majina mengine yaliyoingia yanaweza kupitiwa kwa haraka. Samli, sukari, bizari, karafuu, tangawizi na mdalasini yalikuja kwa mikono ya wafanya biashara waliosema Kiarabu, ijapokuwa baadhi yake Waarabu nao waliyapata Uajemi na kwingineko. Achari na kachumbari ni za Bara Hindi. Wareno walituachia nanasi, papai na kopo. Mahindi, mmea wa Amerika, yamepewa jina la India, jambo linaloonyesha kwamba jina la kitu hueleza pale alipodhani mpokeaji kuwa kimetoka, wala si lazima lieleze kilikotoka. Anayejenga historia kwa majina ya vyakula peke yake na aliweke tunda hili la kosa mbele yake.

Kuhusu vyakula vya karne ya 14 yupo shahidi mashuhuri. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandikiwa wali uliopikwa kwa samli, juu ya chombo kikubwa cha mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Akaona pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Alipopita Mombasa alisema kwamba watu wake hula zaidi ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletewa kutoka pwani ya bara. Maelezo yake ni hazina. Hata hivyo alikuwa mgeni wa mfalme, na mgeni huona sinia haoni meko. Tangu yeye hata wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, wengi walioandika juu ya chakula cha pwani ni wanaume waliokaribishwa barazani, na chakula kiliwajia kimeiva.

Aliyeliona jiko kwa ndani, tena akaliandika, ni Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la baba yake, Sultani wa Unguja, huko Mtoni. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa ameitwa tayari Emily Ruete, anaeleza juu ya jiko la jumba hilo: samaki wakubwa wa kubebwa na watu wawili, kuku kwa makumi, unga na mchele kwa magunia. Waliobeba, waliochuna, waliochochea moto, walikuwa watumwa. Hapa ndipo historia ya chakula cha nyumbani inapokuwa ngumu, na ndipo wengi wanaoisifu hupenda kuiachia.

Maana mpishi wa pwani alikuwa nani? Katika nyumba za waungwana wa Lamu, Mombasa na Unguja wa karne ya 19, aliyekaa motoni aghalabu hakuwa mama mwenye nyumba. Alikuwa mjakazi, mtu wa Uyao, wa Nyasa, wa Ungindo au wa Makua, au mzalia aliyezaliwa nyumbani humo kwa mama wa namna hiyo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mjane wa Bwana Mataka wa Siu kwa ajili ya binti yake, unataja miongoni mwa wajibu wa mke ule wa kumwandalia mumewe chakula. Kitenzi kilichotumika ni cha kuandaa. Kuandaa ni kuweka tayari, na mtu aweza kuweka tayari kwa amri kama awezavyo kwa mkono. Ni nani aliyekuna nazi katika nyumba ya Bwana Mataka, utendi hausemi, wala hapana aliyeutazamia useme.

Sarufi haisaidii katika jambo hili. Bali huongeza giza. Kiswahili kina kauli ya kutendea, ambayo kwa pika ni pikia. Kumpikia mtu ni kupika kwa ajili yake, na wasemaji husikia ndani ya neno hilo mapenzi na heshima: binti huambiwa ampikie baba, mgeni huulizwa apikiwe nini. Lakini mjakazi naye alimpikia bwana wake. Kiambishi ni kilekile, nafasi ya mtendewa ni ileile, na hapana alama yoyote katika kitenzi inayotenga kazi iliyotolewa na kazi iliyotozwa. Mwanaisimu akisoma sentensi hiyo hupata mtenda na mtendewa, basi. Kujua kama mtenda angaliweza kukataa si kazi ya uchambuzi wa sentensi, ni kazi ya historia.

Kutokana na hayo huenda mtu akavutwa kudai kwamba vitenzi vya Kibantu vya jikoni vililetwa pwani na watumwa wenyewe, na kwamba Kiswahili kabla yao kilipika kwa Kiarabu. Dai hilo halisimami. Mpishi na meko yamekwisha kuonyesha umri wao, na Kimijikenda na Kipokomo haviwezi kusemwa kuwa vilifundishwa kupika na wajakazi wa Lamu. Lililo karibu na ukweli ni kwamba mtumwa aliyefika hivi karibuni, aliyeitwa mjinga kwa kuwa hakujua lugha wala desturi za mji, alipoingizwa jikoni alikutana na vitenzi ambavyo vingi havikuwa vigeni sana kwake. Kutwanga kwao kulikuwa kutwanga. Yamkini Kiswahili chake cha kwanza kilikuwa hicho, cha kinu na mchi na chungu, kabla ya kile cha sala na cha soko. Na mtoto wa mwungwana aliyelelewa miguuni pake aliyasikia maneno hayo kwake kwanza. Ikiwa ndivyo, basi sehemu ya lugha iliyodumu kwa usafi wake wa Kibantu ilidumishwa na vinywa vya wale walionyimwa kuitwa Waswahili.

Kamusi nazo zina habari yao. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake, aliweka humo mambo mengi ya nyumbani kuliko atazamiavyo mtu. Na Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kifaransa ilichapishwa tangu 1939 hadi 1941, alikusanya kwa lahaja. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, njia ilikuwa nyingine. Vitabu vya shule vilihitaji neno moja kwa tendo moja. Ofisini jambo hilo halina madhara makubwa. Jikoni lina madhara, kwa sababu huko tofauti ya kuinjika, kuteleka na kubandika ndiyo inayomwambia msikilizaji mama wa msemaji alikuwa mtu wa wapi. Haya hayajakusanywa kwa ukamilifu hata leo, na wanaoyajua hawakai barazani.

Hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Masuria wa Unguja walingoja hadi 1909. Sheria hizo hazikubadilisha namna ya kupika wali. Zilibadilisha nani apikiwe, na kwa malipo gani. Wanawake wengi walioachwa huru Mombasa hawakuwa na shamba wala ukoo wa kurudia. Walichokuwa nacho ni mkono uliojua kazi. Baadhi yao walipanga chumba, wakaanza kupika vyakula vya kuchuuza: mikate, maharagwe, mbaazi, mahamri, samaki wa kukaanga. Walichowapikia mabwana bure kwa amri, sasa waliwauzia wapita njia kwa senti. Masimulizi ya maisha yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, na kuchapishwa mwaka 1989, yanamweka Mishi wa Abdala, mwanamke wa uzao wa watumwa, kando ya Kaje wa Mwenye Matano, mwungwana wa Mombasa, kila mmoja akisema kwa kinywa chake. Na msomaji wa lugha atakayeyapitia kwa ajili ya vitenzi vya kazi ataona wapi kauli ya kutendea inatumiwa na nani, na mtendewa ni mwana, ni mume, ni bwana, au ni mteja mwenye sahani mkononi.